Wenye Kuitikia kwa Maman Shanta

Nyinyi vijana wenye munabaki kwa ateliye, karakana yetu ya vinanda hapa Bukavu, muliniomba niandike kidogo juu ya kazi mbele nisahau. Sijasahau kitu. Ni magoti ndiyo yamekataa kupanda ngazi za korali kule kanisani, na fundi mwenye hawezi kufika penye kinanda anabaki fundi wa mudomo tu. Basi naandika. Mwalimu wangu wa Kiswahili anisamehe huko aliko, juu lugha ya nyumbani itaingia humu bila kupiga hodi: kwetu «juu» ni kwa sababu, «mbele» mara nyingi ni kabla, na «paka» si munyama, ni mpaka. Mishahara siitaje, si kitu cha kusoma mbele ya watu wenye heshima. Vyeo pia siviseme: tulikuwa wawili, Frère Gaspard, bruda wa misioni, na mimi, na mukubwa alikuwa yeye.

Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe, juu nilisikia naenda kufanya kazi ya muziki. Frère alikuwa muzungu mufupi, ndevu zimegeuka rangi ya tumbaku, na hakupenda maneno mengi. Akaniangalia lile shati, akanipa brosi, akanionyesha kinanda kimoja kilichofunguliwa tumbo. Ndani panya walikuwa wamezaa juu ya kurasa za kitabu cha nyimbo. Nilipangusa paka mangaribi. Alikuja kuchungulia, akasema nusu ya magonjwa ya vinanda ni vumbi, na nusu ingine ni mafundi. Lile shati halikurudi kuwa jeupe.

Kazi yenyewe munaijua, lakini niiseme kwa mwenye ataokota karatasi hizi bila kuwa mutu wa kazi. Kinanda chetu kinapumua. Mivukuto inasukuma hewa, hewa inapita kwenye ndimi ndogo za shaba, na kila ulimi unatoa sauti yake moja. Ukikwangua ncha ya ulimi na tupa, sauti inapanda. Ukikwangua shina lake, inashuka. Kwangua kidogo, sikiliza, kwangua tena. Frère alinikataza kufanya haraka, juu shaba haioti kama ndevu. Ndimi mbili zisipopatana utasikia sauti inatetemeka, zinagombana, na wewe unakaa pale na subira ya mutu mwenye kupatanisha bibi na bwana, paka zinyamaze.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Mubaya zaidi si mvua, wala mende wenye kula ngozi ya mivukuto. Mubaya zaidi ni mutu mwenye akili. Kule Luhwindja niliitwa siku moja juu kinanda cha misioni kilikuwa bubu kabisa. Nikafungua, nikakuta hakuna hata ulimi mumoja. Kijana wa machimbo alikuwa ameona shaba inang'aa ndani, akasema kumbe mapadri wameficha dhahabu kwa kinanda. Alizing'oa zote na kisu, vizuri, bila kuvunja hata mumoja. Yule angekuwa fundi mzuri. Muchuuzi wa dhahabu alimucheka sana, na kijana aliona haya kuzirudisha muchana, akaziacha mulangoni kwa sakristia ndani ya kopo la maziwa.

Lakini kinanda chenye nataka kuwasimulia hakikuwa cha kanisa. Frère alinituma kwa Wahindi wa avenue kubwa, wenye walikuwa na duka la vitambaa chini na nyumba juu. Niliingia nikitafuta kinanda, sikukiona, paka muzee mwenye nyumba, Papa Jivan, akanionyesha sanduku ndogo chini kwenye mukeka. Halikuwa na miguu wala pedali. Mukono wa kushoto unasukuma mivukuto nyuma, mukono wa kuume unapiga, na mupigaji anakaa chini miguu imekunjwa. Nikakaa vile. Miguu yangu ililala mbele ya kazi kuisha.

Nilipangusa, nikapatanisha ndimi, nikakuta kitu chenye sikujua: kuna kishikio, ukikivuta, sauti moja inalia bila mutu kugusa, na inaendelea tu. Kwetu ile ni ugonjwa, sauti yenye imekwama. Nilikuwa nimekwisha kukata ngozi ya kuziba tundu lake wakati bibi wa nyumba, Maman Shanta, alinishika mukono. Alikuwa mama mwembamba mwenye kusema Kiswahili ya Bukavu vizuri kuliko wenyeji wengine wa mutaa wa Kadutu.

«Hiyo si mugonjwa, papa», akasema. «Hiyo ni chini ya nyumba. Sisi wote tunasimama juu yake.»

Akaniomba nirudi Jumamosi, nisikie kama kinanda kinafaa kwa kazi yake. Nilirudi. Walikaa chini, familia na Wahindi wenzao wa muji, mbele ya taa ya mafuta ya siagi na picha ya Mungu wao mwenye kupiga filimbi. Nyimbo zile za kumusifu Mungu wanaziita bhajan. Haziimbwi na mutu mumoja. Mumoja anaongoza mustari, wengine wanauitikia na maneno yao ya kujibu, anaurudilia, wanaitikia tena, polepole kwanza, halafu visahani vya shaba vinaingia na mambo yanapata moto. Kwa ile nyumba mwenye kuongoza alikuwa Maman Shanta. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa haina woga. Mutu mwenye kuongoza bila wenye kuitikia, aliniambia baadaye, ni kama mutu mwenye kunyoosha mukono wa salamu na mwenzake anaangalia pembeni.

Nilianza kurudi kila Jumamosi. Kwa Frère nilisema naenda kusikiliza ndimi. Nilikaa karibu na mulango wa jiko, penye walikuwa watu wawili wa kazi: Papa Chiza, mupishi, Mukatoliki wa Legio ya Maria mwenye rozari kwa mufuko, na Bahati, sentineli, mulinzi wa nyumba. Papa Chiza alikuwa anakata nazi na ndizi za kugawia watu mwisho wa sala, na huku midomo yake inaitikia bila yeye kujua. Wimbo mumoja, Maman Shanta alitueleza, ulisifu Mungu akiwa mutoto, mwenye kuiba siagi kwa mama yake. Papa Chiza alisema kwetu ile kesi ingepelekwa kwa kitubio. Lakini wimbo huo ndio aliupenda kuliko yote.

Papa Jivan alikufa mbele ya vita kuanza. Wahindi hawaziki, wanachoma, na majivu yake yaliingia ndani ya muto Ruzizi. Bahati alikuwa mumoja wa wenye kubeba ngazi ya mianzi ya kulazia maiti, na njia yote kutoka avenue paka chini kwa muto watu waliimba wimbo mumoja mufupi, wanaurudilia na kuurudilia. Bahati alirudi ameshika kiitikio chake kabisa.

Halafu vita ya kwanza ikaingia. Yenye ilipita munaijua kwa wazazi wenu, sitaifungua hapa. Tulikimbia, tulirudi, Frère Gaspard alikuwa amekwisha kufa kwa homa, na ateliye ilibaki mikononi mwangu na mulango wake umevunjwa. Duka la Maman Shanta lilikuwa limeporwa paka rafu za ukuta. Wahindi walienda zao. Kishor, mwana wake wa pekee, alipeleka bibi yake na watoto Bujumbura, akarudi kumuchukua mama. Mama akakataa. Alisema bwana wake alipita Ruzizi, na yeye atapita Ruzizi. Walibishana sana, mwana analia, mama hapana. Kishor aliporudi kwa watoto wake aliapa atakuja upesi.

Kinanda nilikikuta kimepigwa na kitako cha bunduki. Kile ndicho kilikuwa kazi ngumu kuliko zote za maisha yangu, na sijui kama kuna mwingine wenu angekubali. Ubao wa juu nilitengeneza na kiti cha kanisa chenye kilivunjika. Mivukuto nilishona upya na ngozi ya mbuzi ya soko ya Nyawera, ilinuka mbuzi muda murefu. Ndimi zenye zilipotea nilizitoa kwa kinanda kimoja kizee cha upande wa Lwiro chenye kilikuwa hakiponi tena. Nilipatanisha ndimi za kanisa na ndimi za Wahindi, nikakwangua na kukwangua paka zikakubali kukaa pamoja. Maman Shanta alivuta kile kishikio, sauti ya chini ikalia. Alifunga macho na akaiacha ilie.

Vita ya pili haikutuacha tupumue. Barabara ya Sange, ya kwenda Bujumbura, ilifungwa, mupaka unafungwa na kufunguliwa vile wakubwa wanaamka. Maman Shanta akaanza kuvimba miguu, halafu pumzi ikawa fupi. Dawa zilikuwa zinakosekana. Daktari alitueleza wazi kwamba ni moyo, na kwamba tusimudanganye. Hakudanganyika. Hakuogopa kufa, kitu kimoja tu kilimusumbua, na alikisema mbele yetu: kwenda kwa moto bila mutu wa kuitikia. Kwa dini yake mufu anasindikizwa na jina la Mungu, na wenye kulijua jina lile kwa lugha ile walikuwa wameondoka wote.

Jumamosi moja alijikokota paka kwenye mukeka, akavuta mivukuto, akaongoza mustari. Kimya. Akaurudilia. Kimya. Mimi nilikuwa nimekaa pale fundi muzima, nikaangalia vidole vyangu. Ndipo Bahati, kwa huruma tu, akafungua mudomo kutoka mulangoni, akaimba kwa nguvu ile moja yenye alikuwa anaijua sawasawa.

Papa Chiza aliacha kisu kikaanguka.

«Bahati, nyamaza. Ile ni ya wafu.»

Ni kweli. Wimbo ule hauimbwi ndani ya nyumba ya mutu muzima, hata kidogo. Bahati alitaka kuingia chini ya mukeka. Maman Shanta alibaki anamuangalia, halafu akaanza kucheka, akacheka paka machozi, paka tukaogopa pumzi itamukatikia.

«Mumuache», akasema. «Wafu wote waliimbiwa ile na hakuna mwenye aliisikia. Mimi nitaisikia mbele. Bahati, rudilia. Lakini lile neno la mwisho unalitafuna.»

Ndivyo masomo yalianza. Kila Jumamosi, na siku zingine akipata nguvu, alituongoza sisi watatu. Alitukatiza, alitucheka, alimupiga Papa Chiza na kitambaa juu ya kuingia haraka. Alisema Wakatoliki wanaimba kama watu wenye wameacha sufuria kwa moto. Ule wa kusindikiza wafu tuliuimba pia, na alitaka tuuimbe bila kulia. Siku ya kwanza tulishindwa, siku zingine tuliweza.

Papa Chiza alikuwa na shida ya roho. Alikuja kwangu ateliye, akakaa juu ya sanduku la misumari, akaniuliza kama kumusifu Mungu kwa jina lenye hakubatizwa nalo ni zambi. Nilimuambia mimi ni mutu wa ngozi na nta. Basi tukaenda wote wawili kwa Padri wa parokia, na mimi nilikuwa na woga wangu, juu kazi yangu ilikuwa ya kanisa. Padri alitusikiliza, alipangusa miwani yake muda murefu. Akasema kusindikiza mufu ni tendo la huruma, hilo liko kwa katekisimu. Na lugha ya Wahindi, akasema, yeye hakuisoma seminari, basi hawezi kuhukumu yenye hasikii. Papa Chiza alitoka na uso wa mutu mwenye ametua muzigo. Mimi niliona Padri ametuongopea kidogo, na nilimupenda zaidi.

Siku moja nilimuambia Maman Shanta atufundishe na mistari ya kuongoza. Alikataa kwa upole. Ya kuongoza ni ya Kishor, alisema, ni mwana ndiye anaongozea mama yake, na Kishor atakuja. Niliona vile anasema lile jina, sikuweza kusisitiza. Juu ya moto wa kumuchoma alisema hivi: Kishor ndiye ataweka, lakini kama njia itamushinda, aweke Papa Chiza, juu ni yeye alimuwashia moto wa chakula miaka yote.

Alikufa asubuhi, chai yake bado ina moto. Tulituma neno Bujumbura kwa phonie, ile redio ya kuitana. Jibu lilikuja kwamba Kishor ametoka, halafu kwamba amerudishwa, halafu halikuja lingine. Mupaka ulikuwa umefungwa. Tulimungojea kadiri tuliweza kungoja. Mamans wa jirani walimuosha na kumuvalisha nguo nyeupe, mwenye duka la mbao aliyekuwa anakopeshwa vitambaa na Papa Jivan alitoa kuni za mukaratusi, na Bahati alikata mianzi. Watu wa avenue walitusaidia kubeba. Kinanda nilikifunga kwa pagne, nikakibeba mugongoni kama mutoto.

Karibu na kushuka kwa Ruzizi askari walitusimamisha. Mukubwa wao aliinua kitambaa, akaona Muhindi, akatuangalia sisi.

«Famille yake iko wapi?»

Bahati akasonga mbele na bega lake bado chini ya mwanzi.

«Ni sisi, chef.»

Yule mutu alituangalia mumoja mumoja. Sijui aliona nini. Akatoa kofia, akatuacha tupite, na alituma askari wake wawili watusindikize paka chini, wenye walibaki mbali kidogo, bunduki zimeangalia udongo.

Tulimulaza juu ya kuni. Papa Chiza alishika mwenge. Na pale ndipo tulijua penye tumefika. Watu watatu tulisimama tunaangaliana, na kila mumoja anangojea mwingine aanze. Tulikuwa tunajua kuitikia tu. Mwenye kuongoza alikuwa pale juu ya kuni. Bahati alijaribu kuanza, sauti ikamukimbia, ikatoka kitu kama kikohozi. Papa Chiza akaniangalia na macho yenye siwezi kusahau. Niliona haya na huzuni pamoja, nikafikiri: basi kile kitu kimoja chenye Maman Shanta alikuwa anaogopa ndicho hiki kimefika, na sisi ndio tumekileta.

Maneno ya kuongoza sikuwa nayo. Lakini mukono wangu ulikuwa umekaa karibu na mukono wake Jumamosi nyingi, na njia ya sauti yake niliijua, penye inapanda, penye inapumua, penye inangoja. Nikafungua pagne, nikaweka kinanda juu ya jiwe, nikapiga goti. Nikavuta kishikio, sauti ya chini ikalia. Halafu nikapiga mustari wake, kinanda peke yake, bila neno, polepole vile alikuwa anaanza yeye. Nilipofika mwisho niliinua vidole na nikangoja.

Wakaitikia. Papa Chiza na Bahati, na mimi pamoja nao, maneno yote mahali yake, hata lile neno la mwisho Bahati hakulitafuna. Nikapiga mustari wa pili. Wakaitikia. Papa Chiza akaweka moto, na hakuacha kuimba. Tuliimba paka kuni zilianguka ndani. Watu wa avenue walianza kuitikia pia, wenye walikuwa hawajui hata neno moja, kwa kusikia tu.

Kishor alifika njia ilipofunguka, na majivu tulikuwa tumekwisha kuyapeleka kwa muto, vile mama alituagiza. Alikonda, na nywele zimeingia nyeupe. Aliingia nyumbani, akakaa chini mbele ya taa yenye Papa Chiza alikuwa anaiwasha kila siku bila mutu kumutuma. Akauliza swali moja, na niliona limemukula njia yote: nani alimuongozea mama. Tulimueleza vile kinanda kiliongoza, kwa njia ya sauti ya mama mwenyewe. Alificha uso na mikono miwili.

Ilikuwa Jumamosi. Nikaweka kinanda mbele yake, tukakaa nyuma, sisi watatu, fasi yetu ya siku zote. Nikamuambia, «Sasa ni wewe ndiye utaongoza.»

Alivuta mivukuto. Alifungua mudomo, akaufunga, akaufungua tena. Halafu akasukuma kinanda polepole paka kwangu, akainuka, akaja kukaa katikati ya Papa Chiza na Bahati.

«Hapana, papa», akasema. «Muache maman aongoze.»

Nikapiga mustari wake. Nikainua vidole, nikangoja, na mwana wake akaitikia pamoja nasi.